Mgeni wa Yaya

Nilimwona yule mdudu miaka sita kabla hajamuua yaya wangu, na nilimcheka. Ninaliweka hilo mwanzoni kabisa ili mtu asije akanihurumia bure huko mbele.

Kazi yangu ni labo. Ninapima choo, mkojo, damu na makohozi kwenye kituo kimoja cha afya hapa Uvira, na sijafanya kazi nyingine tangu nitoke shule. Yaya, dada yangu mkubwa, alibaki Luvungi na mama yetu, kwenye mashamba ya mpunga. Siku hiyo alikuja na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, akafunga mlango wa labo nyuma yake, akainua kikwembe akanionyesha paja kwa nyuma. Palikuwa na mstari mwekundu, mwembamba, umejipinda-pinda.

"Asubuhi ilikuwa hapa," akasema, akigusa chini ya tako. "Sasa iko hapa. Mudogo wangu, kuna kitu kinatembea ndani yangu."

Nilimpa kikopo. Aliporudi nacho nilichota kidogo kwa kijiti, nikachanganya na tone la maji ya chumvi juu ya kioo, nikainama kwenye mikroskope. Nilitafuta muda mrefu. Halafu nikampata: mmoja tu, mwembamba, anajipiga huku na huku kama kamba inayorukwa na watoto. Nikacheka kwa sauti.

"Yaya! Umekula vumbi lote la barabara kwa sababu ya mdudu mmoja?"

Naye akacheka. Alikuwa na kicheko kinachoanzia puani, cha mtu anayejaribu kujizuia kanisani. Nikampa vidonge vile tunavyowapa watoto wa shule, nikaandika "wachache" kwenye kitabu, akarudi kwao. Baada ya miezi miwili akanipigia simu: mgeni wangu amerudi. Nikamwambia amwache, kila mtu wa bonde la Ruzizi ana wake. Ukweli ni kwamba vidonge vile havimwezi mdudu yule. Nilifundishwa hivyo shuleni, somo moja, asubuhi moja, na nikasahau kwa sababu dawa yake haikuwa kwenye kabati letu.

Wacha nieleze anavyoishi, maana ninamjua kuliko ninavyowajua majirani zangu. Anakaa kwenye tope ambapo mtu amejisaidia. Ni mdogo, jicho halimwoni. Anasimama kwa mkia, kichwa juu, anayumba, anangoja. Joto la mguu analisikia. Mguu ukifika hatafuti jeraha, anapita kwenye ngozi nzima, mara nyingi katikati ya vidole, na mwenye mguu anajikuna tu. Anaingia kwenye damu, damu inampeleka kwenye mapafu, anapanda mpaka kooni, na wewe mwenyewe unammeza bila kujua. Tumboni ndipo anapojenga. Wote wanaojenga mule ni majike, wanazaa bila dume. Minyoo mingi, watoto wake hutoka nje na kwenda zao. Wa huyu wengine hutoka, wengine hukataa. Wanakomaa humo humo, wanatoboa utumbo au ngozi ya makalio, wanaingia upya kwenye mwili uleule walimozaliwa. Ndiyo ule mstari mwekundu. Kwa hiyo mtu aliyekanyaga tope akiwa mtoto anaweza kuzeeka nao, kizazi baada ya kizazi, bila hata homa. Mwili unawachunga, wao wananyamaza.

Na sisi tulikanyaga pamoja. Mama alitutuma kufukuza ndege kwenye mpunga kabla ya jua kupanda, yaya mbele na mimi nyuma yake, tunapiga debe na kupiga kelele, miguu mitupu, tope mpaka magotini. Tukirudi tunajikuna vidole mpaka vinatoa maji. Mama alikuwa anatupaka mawese ya moto katikati ya vidole na kusema, "Tope imewapenda."

Mama yangu ana imani yake juu ya minyoo, na si yeye peke yake huku kwetu. "Kila muntu iko na nyoka yake ya tumbo," anasema. "Ikilia, unaipa chakula. Ukiichokoza, inakukula weye." Miaka mingi nilisimama mbele ya akina mama wajawazito, na blauzi yangu nyeupe na kijiti cha kuonyesha picha ukutani, nikiwaambia hayo ni maneno ya ujinga. Niliona aibu kwamba yalitoka kwetu. Kumbe kati ya wote niliowasikia wakisema juu ya mdudu huyu, hakuna aliyekaribia ukweli kama mama.

Yaya alipata mchumba akiwa amekwisha kukatiwa tamaa. Mwanaume mjane, fundi wa injini za mitumbwi kule Kalundu, bandarini, mtu mpole mwenye vidole vyeusi vya mafuta. Yaya hakulala kwa furaha. Tatizo lake lilikuwa moja: alikuwa mwembamba kama mti wa maharage, na kwetu bibi harusi mwembamba anaaibisha ukoo. Watu watasema nini? Kwamba ana ugonjwa. Kwamba kwao hawali. Akaniomba dawa ya kunenepa.

Mnaijua. Ni vidonge vidogo, wanawake wanavinunua kwa siri. Si dawa ya kunenepa hata kidogo, ni dawa ya dokta kwa watu wenye pumu na uvimbe, lakini inajaza mashavu. Mimi nilijua kazi yake nyingine pia: inaulaza usingizi ulinzi wa mwili. Niliwahi kuambiwa. Nilijua hilo kwa kichwa, kama mtu anavyojua jina la mji ambao hatafika. Nikaenda farmasi karibu na soko, nikamnunulia mimi mwenyewe, nikamfungia kwenye karatasi. Ilikuwa zawadi yangu ya harusi.

Wiki ya tatu mashavu yalikuwa yamejaa. Mungu wangu, alivyofurahi! Alikuwa anajishika mashavu na mikono miwili akisema, "Mudogo wangu, angalia, minye ni mama mukubwa!" Wakati huo ndipo tulipokwenda Kalundu yeye na mimi, kusalimia kwa mchumba.

Tulipokelewa na dada wa mchumba, wifi mtarajiwa. Ni mwanamke asiye na mume, anauza ndagala, na anaanika samaki wake kwenye mchanga nyuma ya nyumba. Sasa, kwetu ukimpa mgeni kinywaji unaonja kwanza mbele ya macho yake, ndipo unampa. Hakuna anayeuliza kwa nini. Ni kwa sababu ya karuho, sumu ya polepole, ambayo watu wanasema inamkausha mtu kwa kikohozi na tumbo mpaka anakwisha. Wifi alileta kasiksi, pombe ya ndizi, kikombe kimejaa. Akakinyanyua aonje. Na wakati huohuo mvua ikaanza.

"Ndagala zangu!" akapiga kelele, akamwekea yaya kikombe mkononi, akakimbia nje. Sote tulikimbia baadaye, tukakusanya samaki kwa mabeseni na vikwembe, tunalowana na kucheka. Lakini yaya alikuwa amekunywa kwanza. Alikuwa na kiu. Mimi nilimwona akinywa, nikaona pia kwamba kikombe hakikuonjwa, na sikuwaza chochote, maana yule mama alikuwa mtu mwema na mvua ilikuwa mvua.

Siku ya sita yaya akaanza kukohoa. Tumbo likavimba, akawa anatapika. Tukamleta hapa Uvira, kwenye kituo chetu, na dokta akamwangalia, akaniangalia mimi.

"Mama labo," akaniuliza, "kuna dawa yoyote ambayo dada yako alikuwa anakunywa?"

Yaya alikuwa kitandani, macho yamefumba. Mama alikuwa ameshika miguu yake. Infirmiye wawili, wauguzi ninaofanya nao kazi, walikuwa wamesimama pale.

"Hapana, dokta," nikasema.

Siku mbili. Siku mbili nzima lile hapana lilifanya kazi yake. Walimtibu malaria, walimtibu typhoïde. Siku ya tatu wakaniletea makohozi yake nitafute kifua kikuu. Niliweka tone juu ya kioo, na kabla hata sijatia rangi nikaangalia tu, kwa mazoea. Walikuwepo. Hawakuwa kwenye choo, walikuwa kwenye makohozi, mahali wasipopaswa kuonekana kirahisi, na hapakuwa na mmoja wa kumtafuta. Nilisogeza kioo kushoto, walikuwepo. Nikasogeza kulia, walikuwepo, wanajipiga, wanapita juu ya wenzao, wana haraka. Ulinzi ulikuwa umelala na wao walijua. Wametoka tumboni wote, wanakwenda kila mahali, na wanabeba uchafu wa utumbo kuupeleka kwenye damu. Nilisikia sauti ikilia mle labo, na ilikuwa yangu.

Nikakimbia kwa dokta, nikamwambia kila kitu. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alisema tu, "Mama labo," akaandika dawa inayotakiwa, ileile inayogawiwa watu wa milimani kwa ajili ya upofu wa mtoni. Tuliipata jioni hiyo. Yaya akameza, akatapika. Akameza tena. Asubuhi ya pili alinivuta kwa mkono mpaka sikio langu likagusa mdomo wake.

"Mudogo wangu," akasema, "mgeni amekasirika."

Alikufa kabla ya saa sita mchana. Mashavu yake yalikuwa bado yamejaa. Watu waliokuja kumlilia walishangaa jinsi alivyopendeza.

Dokta aliwaeleza ndugu zetu kwa Kifaransa kizuri, na kwa Kiswahili kigumu, kwamba ni infeksiyo ya damu. Nani anaelewa hilo? Mtu mnene, mchumba wa mtu, anakohoa na kuvimba tumbo wiki moja baada ya kwenda kwa watu. Neno karuho lilifika matangani kabla ya maji ya chai kuchemka. "Kikulacho ki nguoni mwako," wakawa wanasema, na wanaangalia upande wa Kalundu. Mama akaniita pembeni, akanishika mabega.

"Weye ulikuwa kule. Yule mwanamuke alionja?"

"Hakuonja, mama."

Ilikuwa kweli. Sijawahi kusema ukweli mchafu kama ule.

Ilipita miezi minane. Mchumba alihama, akaenda upande wa mji wa Baraka, hakuaga mtu. Yule wifi alibaki na ndagala zake, na hakuna aliyezinunua. Watoto waliambiwa wasichote maji baada yake. Mimi nilikuwa ninapita pale sokoni kila wiki. Ninanunua ndagala kwa jirani yake, hatua mbili kutoka kwake, nikiwa nimegeuza kichwa kama mtu mwenye shingo mbovu. Yeye alikuwa ananisalimia. "Habari ya kazi, mama labo?" Nami nilikuwa ninajibu nzuri.

Yaya hakuniacha. Sisemi alikuja kama mzimu wa hadithi, aka! Alikuja kikazi. Kila nilipofumba jicho moja kuangalia kwenye mikroskope, nilisikia mlango wa labo ukifungwa nyuma yangu taratibu, vile alivyoufunga siku ile. Nikigeuka, uko wazi. Mafuta ya mawese yakipashwa moto, vidole vyangu vya miguu vinawasha. Nilianza kulala na soksi, katika joto la Uvira. Na mwezi wa nane nikaoga asubuhi nikaona mstari mwekundu kwenye paja langu. Nilipotoka kazini ulikuwa umesogea upana wa kiganja.

Ni wiki hiyohiyo vijana wa kule Kalundu walimpa yule wifi mpaka Jumapili awe amehama, la sivyo nyumba itachomwa na yeye ndani. Walimtumia mama yangu habari aje, mwenye msiba ashuhudie. Mama akafika Jumamosi kutoka Luvungi, akalala kwangu, kikwembe cheusi kimekunjwa tayari juu ya kiti.

Jumapili alfajiri nilijaribu kumwambia tukiwa tunapiga mswaki uani. Nikaona mdomo hauna kazi tena, umekwisha kunifanyia uongo wa kutosha. Nikamwambia, "Mama, twende labo kwanza, nikuonyeshe kitu."

Nilikuwa na choo changu mwenyewe kwenye kikopo. Nikatengeneza kioo, nikatafuta, nikampata haraka kuliko nilivyopenda. Nikamkalisha mama kwenye kiti changu, nikamfundisha kufumba jicho moja. Ilichukua muda, macho yake ni ya zamani. Halafu mgongo wake ukakauka.

"Iko anacheza," akasema.

"Hachezi, mama. Anatafuta njia."

"Ni ya nani?"

"Ni wangu. Yaya alikuwa naye pia. Tuliwapata kwenye mpunga, wakati wa kufukuza ndege. Ndiye aliyemuua."

Hakuondoa jicho. "Nyoka ya tumbo haiue muntu hivi hivi," akasema. "Ni nani aliichokoza?"

Basi ndipo lilipotoka. "Minye, mama. Minye nilimupa dawa ya kunenepa, ndiyo iliyowaachia. Na dokta aliponiuliza, nikakataa. Yule mwanamke wa Kalundu hakufanya kitu. Mvua ilikuja, akakimbilia samaki."

Mama aliendelea kuangalia mle ndani, muda mrefu, kama anayesoma barua. Nilitaka anipige. Alipoinuka alivaa viatu vyake vizuri, akajifunga kikwembe upya, akasema, "Ita pikipiki."

Uani kwa yule mama palikuwa na watu, vijana wengi, wengine na fimbo, na majirani kwenye milango. Vitu vyake vilikuwa nje: godoro, sufuria, mabeseni ya ndagala. Walimpisha mama yangu kwa heshima, wakidhani amekuja na laana. Akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya yule mwanamke, akakaa juu ya sufuria iliyofunikwa.

"Mama, minye niko na kiu," akasema.

Yule mama akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji. Akakinyanyua aonje. Mama akamshika kifundo cha mkono.

"Acha. Usionje."

Akakichukua, akanywa. Akanywa mpaka mwisho, polepole, koo lake la kizee linapanda na kushuka mbele ya wote, halafu akakipindua kikombe watu waone hakuna tone. "Mutoto yangu hakupewa sumu hapa," akasema. "Rudisheni vitu ya mama ndani." Iliyobaki aliniachia mimi.

Nikasema. Nilisema yote, mbele ya vijana, mbele ya majirani ambao kesho yake wangekuja kwangu kupima watoto wao. Nilipomaliza, yule mama hakulia wala hakunitukana. Aliniangalia tu kama anayehesabu.

"Weye ulijua tangu siku ya matanga?"

"Tangu kabla ya matanga."

"Na ulikuwa unanunua ndagala kwa jirani yangu."

"Ndiyo, mama."

Akatikisa kichwa, akainama kuokota beseni lake. Vijana walianza kubeba godoro, hawaangaliani.

Nilikunywa dawa yangu wiki hiyo. Baadaye nilipima tena na tena, na sijaona mdudu. Kituoni hawakunifukuza, ingawa wapo wanaopeleka vikopo vyao kwingine, na ninawaelewa. Kwa yule mama watu wamerudi kununua. Mimi pia ninanunua kwake, na ananipimia vizuri, lakini hanisalimii tena.

Jumapili ile tulirudi nyumbani mchana, mama na mimi, kwenye pikipiki. Nikawasha mkaa, nikachemsha chai yake anavyoipenda, tangawizi nyingi, sukari kidogo. Nikampelekea kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo kama alivyotufundisha, yaya na mimi. Aliangalia kikombe, kisha akaniangalia. Hakukuwa na hasira usoni mwake, uchovu tu.

"Onja kwanza, mwanangu," akasema.

Nikaonja.